Niliizima doria ya RAM nikidhani naiharakisha seva

Juzi usiku kijana mmoja wa Mwanza, msomaji wangu wa siku nyingi, aliniandikia: "Shikamoo dada. Seva yetu inakuwa nzito kila tukifunga hesabu za siku. Kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine, nimekuta kitu kinaitwa Patrol Scrub, na nimesoma mahali kwamba kinakula nguvu za RAM. Nikizime?"

Nilikuwa nimeshalala. Niliinuka, nikawasha taa, nikamjibu neno moja: Usithubutu. Asubuhi nikaona nimemkata kauli kijana wa watu bila kumpa sababu. Sababu ninayo, na imekaa kifuani miaka mingi.

Mwaka 2019 nilikuwa nasimamia seva za chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Dar es Salaam. Seva kuu ilikuwa na RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ya GB 64, ya aina ya ECC, yaani inayojirekebisha makosa madogo. Wanaoshika seva wanaijua: kila biti 64 za data husindikizwa na biti 8 za ulinzi. Biti moja ikigeuka, sifuri ikawa moja, kidhibiti cha kumbukumbu kinaitambua ni ipi na kuirudisha ilivyokuwa, wala programu haina habari. Zikigeuka mbili ndani ya fungu lilelile, kinajua pameharibika lakini hakina la kufanya.

Hapo ndipo doria, ndiyo hiyo Patrol Scrub, inapoingia. Kuna sehemu za RAM ambazo hazisomwi kwa saa au kwa siku nzima. Kosa la biti moja likitua huko, linakaa kimya likimngoja mwenzake. Doria hupita nyuma ya pazia, anwani baada ya anwani, inasoma, ikikuta biti imegeuka inairekebisha na kuandika upya, kisha inasonga mbele. Seva nyingi huwekwa zimalize mzunguko mmoja kwa saa 24. Kazi yake yote ni kulifikia kosa la kwanza kabla la pili halijatua.

Mimi haya yote niliyajua. Cheti nilikuwa nacho ukutani. Lakini wahasibu walikuwa wananilalamikia kila jioni, mfumo unavuta miguu wakati wa kufunga siku, na mkuu wangu alishaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Nikasoma ushauri wa mtu fulani kwamba doria inapunguza kasi. Jumapili moja nikaizima seva, nikaingia kwenye BIOS, nikaiondoa doria, nikaiwasha upya. Jumatatu mfumo ukawa mwepesi! Nilipongezwa kikaoni. Leo naelewa kwamba wepesi ule ulitokana na kuzima na kuwasha tu, maana baada ya wiki mbili uzito ulirudi palepale. Doria sikuirudisha.

Laiti ningeshika kikokotoo. Chukua GB 64, gawa kwa sekunde 86,400 za siku. Unapata kama kilobaiti 800 kwa sekunde. Chaneli moja tu ya RAM ya aina ya DDR4-2400 inaweza kupitisha GB 19.2 kwa sekunde. Yaani nilimfukuza mlinzi wa geti kwa sababu anakunywa kikombe kimoja cha maji kwenye tangi la kijiji kizima. Uzito wa mfumo ulitoka kwingine kabisa: ripoti ya kufunga siku ilikuwa inapekua jedwali zima la miamala, mstari kwa mstari, kwa kuwa hakuna aliyeliwekea faharasa ya kutafutia. Niliiweka baadaye kwa amri moja.

Miezi saba ikapita. Siku ya mishahara, saa nne asubuhi, foleni imetoka mlangoni hadi kwa mama lishe wa nje, simu yangu ikaita. Nilipofika chumba cha seva nilikuta kioo cheusi na maandishi meupe: kosa la kumbukumbu lisilorekebishika, keneli (kiini cha mfumo endeshi) imesimama. Niliwasha upya mikono ikitetemeka. Kanzidata ikaanza kujikagua, na ikachukua saa tatu na nusu.

Nilipotoka nje kutafuta hewa, mama mmoja alinishika mkono. Alikuwa amefunga kitabu chake cha akiba kwenye pindo la khanga, akakifungua fundo taratibu, akanionyesha ukurasa wa mwisho. "Mwanangu, nataka hizi tu, mtoto amerudishwa shule." Sikuwa na la kumjibu. Nikamwambia asubiri kidogo, nikijua si kidogo.

Mchana nilifungua logi za nyuma, rekodi za matukio ya seva. Kibao kimoja cha RAM, kilekile kilichoangusha seva, kilikuwa kimeandikiwa makosa ya biti moja wiki baada ya wiki. Hayo ni yale tu yaliyokutwa kwa bahati, programu ilipopita kusoma sehemu hiyo. Yaliyolala kwenye kona zisizosomwa hakuna aliyekwenda kuyatafuta, kwa kuwa anayeyatafuta nilikuwa nimemzima mimi.

Kikaoni nilisema ukweli wote. Nilidhani ukweli utanisaidia. Mkuu wangu alinisikiliza hadi mwisho, akasema mbele ya watu kumi na wawili, "Kumbe ni wewe." Sikufukuzwa, ila nafasi ya ukuu wa kitengo niliyoahidiwa alipewa mwingine, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kufunga Linux, mfumo endeshi wa seva zetu. Nikisema haliniumi nitakuwa nadanganya.

Basi wewe unayesoma, na najua unataka kufika mbali kwenye kazi hii kama nilivyotaka mimi, shika hili: doria haizimwi. Iache iwake. Anayekwambia uizime, mwombe vipimo vya kabla na baada. Akishindwa kukuonyesha, mshukuru na uendelee na kazi yako.

Pili, jifunze kuidhibiti badala ya kuiogopa. Kwenye Linux, kama kidhibiti chako cha kumbukumbu kinakubali, utakuta faili /sys/devices/system/edac/mc/mc0/sdram_scrub_rate. Ukiliandikia kiwango cha baiti kwa sekunde, mfumo unachagua kasi isiyopungua hapo, na ukilisoma linakupa kasi halisi inayotumika. Kama maunzi hayaruhusu, faili litakukatalia na utarudi kwenye BIOS. Tangu 2025 keneli ya Linux ina mpangilio mpya wa kushughulikia doria za vifaa vya aina mbalimbali kwa njia moja, na kwenye kifaa kinachoukubali unaweza kutaja mzunguko uchukue sekunde ngapi. Kibao kikianza kukohoa, fupisha mzunguko kwa muda huku ukisubiri kingine. Usiuache mfupi milele, maana kasi nayo ina gharama ya umeme na njia ya kumbukumbu. Ila usiizime.

Tatu, soma hesabu. Faili la ce_count kwenye saraka hiyohiyo linataja makosa yaliyorekebishwa, ue_count yaliyoshindikana. Mimi naziangalia kila Jumatatu kabla ya chai. Doria inayorekebisha bila mtu kusoma taarifa zake ni mlinzi anayepiga filimbi usiku wa manane wenye nyumba wakiwa wamelala fofofo.

Wapo wanaoniambia haya ni mambo ya wazungu na vyumba vyao vya seva elfu kumi. Hapana, ndugu zangu. Biti haichagui nchi. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa Intel, kampuni ya chipu, walionyesha kuwa chembe za mionzi ya alfa kutoka kwenye vifungashio vya chipu zenyewe zinatosha kugeuza biti. Miale ya anga nayo inashuka Kariakoo kama inavyoshuka kwingine. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kutolewa 2009 ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vibao vya RAM vinapata makosa kwa mwaka. Na Ubelgiji, uchaguzi wa 2003 huko Schaerbeek, mgombea mmoja aliongezewa kura 4,096 na kompyuta, zaidi ya alizoweza kupata. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba biti moja iligeuka yenyewe, na kweli 4,096 ni thamani kamili ya biti ya kumi na tatu. Kura zile zilishtukiwa kwa kuwa hazikuwezekana. Salio la mwanachama likiongezeka au kupungua kwa biti moja, nani atashtuka? Kwa hiyo nasema tena, hata kama nachosha: usiizime doria. Wenye pesa zao hawajui kwamba upo. Wewe ndiye unayejua kwamba wao wapo.

Mwaka juzi, mahali ninapofanya kazi sasa, hesabu ya Jumatatu ilisoma 3. Jumatatu iliyofuata 11, kisha 40. Nikaagiza kibao, nikakibadilisha Jumapili mchana. Baada ya saa mbili na dakika kumi nilikuwa nimemaliza, na Jumatatu hakuna aliyejua kama nilikuwepo. Siku ile nilijivunia kuliko siku niliyopongezwa kikaoni.

Yule kijana wa Mwanza nilimwomba anitumie ce_count ya kila kibao kabla hajagusa chochote. Ametuma leo asubuhi: sifuri, sifuri, 214, sifuri. Nimemwambia uzito wa mfumo tutautafuta pamoja wiki ijayo, nina hisia unatokana na nakala rudufu zinazoanza muda uleule wa kufunga hesabu. Leo aende kwa mkuu wake akaombe fedha za kibao cha tatu.