Mpira wa kurusha ukiingia kwenye goli lako mwenyewe: bao au kona?

Mdau ameuliza: beki akimrushia kipa wake mpira, ukampita ukaingia wavuni bila kuguswa na mtu, ni bao? Si bao. Ni kona.

Nimeshika filimbi miaka mingi kwenye mechi za mitaani hapa Mombasa, na sijaona uamuzi unaowapandisha watu hamaki kama huu. Siku moja Serani, upepo wa bahari umekaza, beki akarusha mpira nyuma kwa nguvu. Kipa kainama, afunga kamba za kiatu. Mpira ukadunda mbele yake, ukampita ubavuni, ndani! Wapinzani wanakumbatiana, watoto washaingia uwanjani, mimi nanyoosha mkono kwenye kibendera cha kona. Nahodha wao, mtu mzima aliyecheza mpira tangu utotoni, akanijia juu: "Refa, mpira umo wavuni, wataka nini tena?"

Nikamweleza kwamba timu inayoanzisha mpira haiwezi kujifunga moja kwa moja, iwe ni kwa kurusha, frikiki, goli-kiki au kona. Umepewa mpira kwa sababu mwenzako kautoa nje au kacheza rafu. Haki hiyo ikugeukie iwe bao dhidi yako? Mimi naiona ni sheria ya uadilifu kabisa, na nitaitetea popote.

Ila mguso mdogo tu unabadilisha kila kitu. Tarehe 16 Septemba 2002, Birmingham City dhidi ya Aston Villa, beki wa Villa, Olof Mellberg, alimrushia kipa wake Peter Enckelman. Enckelman akataka kuutuliza kwa mguu, mpira ukapita chini ya kiatu mpaka wavuni. Refa akaona kaugusa, akalihesabu bao. Asingeugusa, ingekuwa kona. Mabishano ya mguso ule hayajaisha mpaka leo.

Na ukirusha moja kwa moja kwenye goli la wapinzani? Pia si bao, wanapewa goli-kiki. Kuotea (offside) nako hakuna mpira ukitoka kwenye kurusha, goli-kiki au kona. Kwenye frikiki kuotea kupo, na hapo ndipo mashabiki wengi huchanganya, wakamtukana mshika kibendera bure.

Kipa naye, tangu 2019, akiurusha mpira kwa mkono ukaenda moja kwa moja mpaka goli la pili, hakuna bao. Na tangu msimu wa 2025/26, akiushika zaidi ya sekunde 8 wapinzani wanapewa kona. Zamani ilikuwa sekunde 6 na frikiki isiyo ya moja kwa moja (bao halihesabiki mpaka mchezaji mwingine auguse mpira), adhabu ambayo marefa wengi waliogopa kuitoa ndani ya boksi. Kwa hiyo ukiona refa kainua mkono akikunja vidole, anahesabu sekunde 5 za mwisho.