Supu ya kuku ya Kigiriki: mbona mayai yananikatikia?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu babu yangu alikuwa mpishi kwa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge kule Tanga, na bibi mpaka leo anaisimulia ile supu ya kuku ya limau na mayai aliyokuwa anapika. Nimejaribu kumpikia mara tatu. Ya kwanza mayai yakakatika, yakawa vipande vipande yanaelea. Ya pili nikapunguza moto, ikatoka nyepesi kama maji, afu chungu na rangi ya kijivu. Ya tatu ilikubali kabisa ila kesho yake nilivyoipasha ikakatika tena. Natumia sufuria la kawaida, jiko la mkaa, ndimu na kuku broila. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba binti yangu. Umenikumbusha mbali, na nashukuru umeeleza kila kitu, maana wengi wananiandikia tu "fundi supu imeharibika" afu nibaki kupiga ramli.

Kwao wanaiita kotosoupa avgolemono. Avgo ni yai, lemoni ni limau, na kota ni kuku jike mzima, mama kuku, sio hawa wa wiki tano sita. Wagiriki walikuwa wengi kweli kwenye mkonge kipindi kile kwa hiyo babu yako kuijua sio ajabu, wenyewe ni chakula cha nyumbani, cha mtu mwenye mafua, cha siku ya baridi. Hata usiku wa kuamkia Pasaka wakitoka kanisani wanakunywa supu yao ya utumbo na maini ya mwanakondoo, mayiritsa, nayo inamaliziwa kwa mayai na limau hivihivi. Kwa hiyo ukijua hii moja umejua na nyingine.

Mi nilijifunzia baharini. Nimepika miaka kumi na kitu kwenye meli za mizigo ambazo wenyewe Wagiriki, na siku ya kwanza kuambiwa niipike nilifanya kama wewe, nikavunja mayai nikapiga na limau nikamimina kwenye sufuria inatokota huku nakoroga. Kepteni akaliangalia bakuli, akalisukuma pembeni taratibu wala hakusema neno, akaomba mkate. Bora angenitukana! Baadae akashuka jikoni serahangi, yule msimamizi wa mabaharia, mzee Mgiriki wa visiwani, akanionyesha. Kitu cha kwanza alichofanya alizima jiko. Afu akaiondoa sufuria kabisa kwenye ile plati ya chuma maana plati inakaa na moto hata ukizima, akaiweka juu ya taulo, akawasha sigara. Nikadhani kaacha kazi. Kumbe alikuwa anasubiri.

Siri yote iko hapo, binti yangu. Kwenye hii supu mayai hayapikwi na jiko, yanapikwa na joto la supu yenyewe. Ute wa yai unaanza kushika kwenye nyuzi joto 62 hivi na kiini kwenye 65 mpaka 70, na supu yako inayotokota iko karibu na 100, sasa ukimwaga yai mle halina hata nafasi ya kujiuliza, linaganda hapohapo. Likishachanganywa taratibu na limau na supu linavumilia zaidi, linaanza kuwa zito kwenye 70 na kitu, ila ukiling'ang'aniza mpaka lichemke zile protini zinashikana, zinabana, zinakamua maji nje, ndo unaona vipande huku na maji huku. Kama maziwa yakikatika tu.

Na wewe una mkaa, ndo maana nimekueleza hii ya taulo. Jiko la mkaa huwezi kulizima kwa kuzungusha kitufe, na kupunguza hewa chini haitoshi. Lazima uipue, uiweke sufuria chini au kwenye kata ya kitambaa, uache dakika tano, hata saba, bila kifuniko. Ukiona uso umetulia, mvuke unatoka lakini hakuna kipovu hata kimoja, hapo ndo uanze habari ya mayai.

Sasa mayai yenyewe. Kwa supu ya lita 2 chukua mayai ya kisasa matatu, au ya kienyeji manne maana ni madogo. Kuna wanaotumia viini peke yake, inatoka laini zaidi na nzito kidogo, mi naona ni kupoteza ute bure. Serahangi alikuwa anatenga, anapiga ute kwanza mpaka unakuwa povu jeupe, anarudisha viini kimojakimoja, afu limau kidogokidogo, supu inakuja na povu juu kama kapuchino. Wewe anza na mayai mazima, piga kwa uma dakika mbili mpaka usione tena zile kamba za ute, weka limau, piga tena. Yakiwa yametoka kwenye friji yaache kwanza yaishiwe ule ubaridi.

Halafu hapa ndo wengi wanapinduka: supu ndo inayofuata mayai, sio mayai kufuata supu. Bakuli la mayai liko mbele yako, mkono mmoja unapiga, mkono mwingine una upawa wa supu ya moto, unamimina uzi mwembamba, mwembamba kama unavyomimina mafuta ya taa kwenye chupa ya koroboi. Upawa wa kwanza uchukue nusu dakika nzima. Wa pili uende haraka kidogo, wa tatu na wa nne unaweza kumwaga kawaida. Unayazoesha joto. Ukigusa bakuli kwa nje na ukakuta lina moto kama chai ya kunywa, rudisha sasa mchanganyiko wote kwenye sufuria huku unakoroga polepole duara kubwa, funika, kaa dakika tano. Itabadilika yenyewe, inakuwa ya njano ya krimu, ukitumbukiza mwiko mgongo wake unabaki umepakwa.

Kuna kituko nikuambie. Yule mzee akimimina alikuwa anabana midomo anabusu hewa, mwa mwa mwa mwa, mpaka amalize. Nikacheka, akanikatia jicho. Kumbe ni imani yao ya zamani, wanasema ukiibusu mayai hayakatiki. Mi naona kazi ya lile busu ni kumpa mtu mwendo, huwezi kubusu hivyo huku unamwaga kwa pupa. Ila na mimi mpaka leo nabusu, sitaki makuu.

Kama una kipimajoto cha jikoni mambo rahisi, ukishachanganya supu yote isome kati ya 72 na 80. Chini ya hapo yai halijaiva sawasawa, na bibi ni mtu mzima, na hasa ukiwa na mjamzito au mtoto mdogo mezani usiwape yai bichi. Ikiwa chini rudisha kwenye makaa yanayofifia, koroga bila kuacha, ikifika ipua.

Tuje kwenye ya pili, ile nyepesi. Nimesoma swali lako mara mbili, umetaja kila kitu ila mchele hujautaja popote. Huweki? Kama huweki hapo ndo pameliwa. Kwenye supu hii mchele sio pambo, ndo nguzo. Wanga ukitoka kwenye mchele unaifanya supu iwe na uzito kidogo, na zaidi ya hapo ule wanga unakaa katikati ya protini za yai unazizuia zisikumbatiane haraka, kwa hiyo unakupa nafasi ya kukosea. Supu isiyo na wanga kosa dogo tu imekatika. Wagiriki wana mchele wao wa supu, punje fupi nene zinazotoa uji, sisi mchele wetu mzuri wa Kyela ni mtamu ila unanukia mno na unatunyima ule uji. Nenda sokoni kanunue chenga. Ndio, chenga, ile wanayoidharau, bei yake ndogo na punje zimevunjika kwa hiyo wanga unatoka wenyewe. Gramu 100, kama nusu kikombe cha chai, osha mara moja tu usiisugue ukamaliza wanga wote, tia kwenye supu ikiwa imeshachujwa, dakika 15 hadi 20 mpaka punje zianze kupasuka. Ukiwa bado na wasiwasi koroga kijiko kimoja cha mezani cha kornflawa kwenye maji ya limau kabla ya kuchanganya na mayai. Kuna mama wa Kigiriki atakunja pua, na kuna mwingine anafanya hivyohivyo mlango umefungwa. Ila sio ruhusa ya kuchemsha.

Uchungu na ule ukijivu, hayo ni mambo mawili tofauti yamekukuta siku moja. Ukijivu ni sufuria. Haya masufuria yetu mengi ni alumini na alumini haipatani na limau, asidi inaichokoa, supu inapata rangi ya kijivu na ladha ya chuma mdomoni, na wewe ulipunguza moto ikakaa mle muda mrefu. Kuku mchemshe humo hakuna shida, ila ukifika kwenye limau hamishia kwenye sufuria ya stili, au hata lile la bati lenye rangi, alimradi halijabanduka ndani. Na bakuli la kupigia mayai liwe la kioo, la udongo au la stili.

Uchungu umetoka kwenye ndimu. Kwanza mkono wako, usiikamue mpaka ganda linalia, ile nyama nyeupe na mbegu ndo zenye uchungu. Pili usikamue asubuhi kwa ajili ya jioni, juisi ikikaa uchungu unazidi. Tatu usiichemshe, ndo maana inaingia mwisho moto ukiwa umetoka. Na ukipata limau hasa, lile la njano, tumia hilo, mawili makubwa yatakupa mililita 80 hivi na ndo kiasi chake. Ndimu inafanya kazi, melini tumetumia sana tukiwa mbali na bandari, ila ni kali na harufu yake inakupeleka kwenye supu ya kwetu ya pweza, sio Ugiriki. Kama ni ndimu anza na mililita 60, onja, ongeza.

Kuku wako pia. Broila hana kosa lakini supu yake ina maji, mifupa bado michanga, na ukimchemsha zaidi ya saa moja nyama inakuwa pamba. Mi ningekwambia utafute wale kuku wa mayai walioacha kutaga, wafugaji wanawauza bei poa wapishe wengine, ndo kota wenyewe hao. Kilo moja na nusu kwenye lita 2 na nusu za maji baridi, anza na maji baridi, toa povu lote likipanda, afu kitunguu kizima, karoti mbili, bua la selari ukipata, pilipili manga punje kumi, chumvi. Usitie tangawizi, usitie kitunguu saumu, wala ile mchuzi ya kwenye pakiti, najua mkono unawasha. Moto uwe mdogo vipovu viwili vitatu tu, saa mbili hata mbili na nusu kwa kuku mzee, chuja, chambua nyama weka pembeni uirudishe mwishoni. Mafuta ya juu punguza ila usiyamalize.

Ya kupasha kesho yake hiyo hata Mgiriki inamkuta. Ikishatiwa mayai haitaki kuchemka tena maisha yake yote. Ipashe sufuria ndani ya sufuria, ya chini ina maji ya moto, unakoroga mpaka ipate moto wa kunyweka, basi. Itakuwa nzito maana mchele umelala umekunywa supu, ilegeze na supu kidogo ya kuku au maji. Lakini njia ya melini ni bora zaidi. Sisi watu wanakula kwa zamu, wa zamu ya usiku anakuja saa sita, kwa hiyo supu ya kuku na mchele inakaa yenyewe, mayai hayaingii humo. Mtu akishakaa mezani ndo unavunja yai moja, limau nusu, unamtengenezea za kwake upawa mbili tatu. Na wewe fanya hivyo, mpikie bibi bakuli lake na nyingine weka kwenye friji bila mayai, hiyo ichemshe unavyotaka.

Na siku ikikukatikia tena usimwage. Toa nyama, mimina supu na upawa mmoja wa ule mchele kwenye blenda ikiwa imepoa kidogo (ya moto sana itarusha kifuniko, nimeona dari la jiko la meli likiwa la njano), saga, chuja, irudishe kwenye moto mdogo. Haitakuwa ile yenyewe lakini mezani hakuna atakayejua.

Kitu kimoja tu muulize bibi: ndani kulikuwa na mchele au na tambi ndogo zenye umbo la punje ya mchele? Maana nyumba nyingine wanatumia hizo, wanaziita kritharaki, madukani kwetu utazikuta kwenye pakti zimeandikwa orzo. Kama ni hizo chemsha dakika kumi badala ya ishirini, na hapo ile kornflawa usiiache.