Jibu la swali la wiki: Mimi simsamehe mzee Lízal

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni mhusika gani wa tamthilia ambaye hata pazia likishafungwa bado huwezi kumsamehe?" Nadhani wasomaji wengi watawataja wauaji na waume makatili. Wangu mimi ni mzee wa watu, mwenye mashamba yake, ambaye mwishoni hata anatia huruma: Lízal, baba yake Maryša.

Kwa wasioijua, "Maryša" ni tamthilia ya Kicheki ya ndugu wawili, Alois na Vilém Mrštík, iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika ukumbi wa taifa wa maigizo mjini Praha. Mambo yanatokea kijijini Moravia, upande wa mashariki wa nchi ya Wacheki, enzi za kaizari wa Austria. Maryša, binti wa tajiri, anampenda Francek, kijana hohehahe. Francek anachukuliwa jeshini, na wazazi wa msichana wanaona Mungu amewarahisishia kazi. Mchumba wanaye tayari: Vávra, mwenye kinu cha kusaga nafaka, mgane mwenye watoto watatu na madeni shingoni. Kijiji kizima kinajua jinsi alivyokuwa akimtesa marehemu mkewe. Lízal naye anajua.

Huko, tofauti na kwetu, baba wa msichana ndiye aliyemkabidhi mkwe mali. Basi Vávra anaposa huku akihesabu. Anataka fedha zitakazomtoa kwenye madeni, na Lízal, bahili wa kuzaliwa, anapunguza. Huyu anapanda, yule anashuka, kama mnadani, na anayejadiliwa hayupo wala hakuulizwa. Ukisoma mazungumzo yale unaweza hata kucheka, maana wazee wawili wanaoviziana kwa fedha ni kichekesho popote duniani. Kicheko kinakata pale Maryša anapowalilia wazazi wake wasimwoze, na hakuna kati yao anayelegea. Mama ndiye mwenye ulimi mkali zaidi. Ananguruma kuhusu utii na heshima ya nyumba. Lakini neno la mwisho ni la mwenye mji, na mwenye mji ameshapeana mkono na mkwe.

Hadi hapo Lízal ni baba kama mababa wengi wa zama zake, na ningeweza kumpa nusu ya udhuru. Kinachonikera ni kinachofuata. Miaka miwili inapita, Maryša amechakaa kwa kipigo, na Lízal anaanza kujuta. Anamwambia bintiye arudi nyumbani. Watazamaji wanamwonea huruma, na mwigizaji mzuri anaweza kuwatoa machozi. Mimi nauliza: yale mali aliyoahidi ameyatoa? Hajayatoa yote. Wakati moyo unamuuma, bado anavutana na mkwewe juu ya fedha hadi wanatishiana mahakama. Na mwenye kinu mwenye hasira, asiyemfikia baba mtu, hasira zake anazimalizia kwa nani? Majuto yanayomwachia binti alipe riba kwa mgongo wake, mimi siyaiti majuto.

Maryša mwenyewe hadanganyiki. Anakataa kurudi. Francek, ambaye sasa amerudi kutoka jeshini, anamtaka watoroke waende mjini Brno. Anakataa pia, ameolewa kanisani na hataki kuwa hawara wa mtu. (Francek naye simpendi sana. Anajigamba kilabuni kwamba atakwenda kinuni apendavyo, bila kujali nani atakayepigwa akishaondoka.) Kisha Vávra anachukua bunduki, anamfyatulia Francek, anamkosa. Baada ya hapo ndipo inakuja kahawa.

Wacheki wengi wanaijua kahawa hiyo, hata wasiowahi kukanyaga ukumbini, wanaifanyia utani. Maryša ameitia sumu. Vávra, siku hiyo kwa mara ya kwanza, anazungumza kiungwana, anataka waanze upya. Anakunywa, anaona ladha si ya kawaida, anauliza kahawa imenunuliwa wapi, kisha anamwambia mkewe asinunue tena pale. Anaendelea kunywa. Waandishi hawakuweka kelele yoyote hapo, ni maneno ya nyumbani tu, ya mume na mke asubuhi. Baadaye Maryša anakiri mwenyewe.

Najua mtaniambia Vávra ndiye aliyepiga. Kweli, na simtetei. Ila Vávra alilipia ukatili wake kwa roho yake, na Maryša hakumtafuta mtu wa kumsingizia. Francek hakujeruhiwa hata kidogo. Lízal yeye mashamba yake yako palepale, na zile fedha alizozibania hakuna tena wa kumdai kwa nguvu. Mkihitaji jina moja tu, andikeni lake. Na mkipata nafasi pembeni, mwongezeni mkewe.