Maswali na Majibu ya Ufundi wa Nyumbani: Feni Inanguruma, Lipu Inabanduka, Ushauri Unagongana

Mwezi huu maswali yamekuja ya kila aina, kuanzia koki mpaka kuta za mawe. Nimechagua yale ambayo mtu anaweza kuyashughulikia mwenyewe akiwa na vifaa vichache na wenzake wawili watatu wanaopenda kazi za mikono. Lipo moja ambalo jibu lake ni kwamba usiguse kabisa.

Fundi, feni yangu ya dari ikiwashwa inanguruma tu, haizunguki. Nikiisukuma kwa kijiti inaanza kwenda polepole. Jirani anasema mota imeungua, ninunue mpya. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Kaka, usinunue kitu kwanza. Mota iliyoungua kwa kawaida haingurumi vizuri hivyo kisha ikakubali kusukumwa. Ungesikia harufu ya rangi ya waya iliyoungua, au ungeona imekaa kimya kabisa. Dalili ulizozitaja zinaelekeza kwenye kapasita, kile kidude kidogo cha plastiki chenye nyaya mbili au zaidi, kinachokaa ndani ya kikombe kilichofunika sehemu ya juu ya feni. Kazi yake ni kuipa mota msukumo wa kuanzia. Ikichoka, msukumo haupo, na wewe na kijiti chako mnafanya kazi yake.

Kabla ya kupanda juu, zima meni swichi, si swichi ya ukutani peke yake. Baadhi ya nyumba zimefungwa nyaya na watu waliobadilishanisha waya wa moto (unaoleta umeme) na wa nyutro (unaourudisha), kwa hiyo swichi ya ukutani inazima feni lakini umeme bado upo. Hakikisha kwa tesita, na ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, maana tesita iliyokufa nayo haiwaki. Mtu wa pili ashike ngazi.

Piga picha ya nyaya kwa simu kabla hujagusa chochote. Gusanisha ncha mbili za kapasita kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki ili umeme uliobaki ndani uishe. Kisha soma maandishi yake. Utakuta namba mbili zenye maana. Ya kwanza ni mikrofaradi (huandikwa µF), ambayo kwa feni nyingi za dari ni kama 2.5, na hiyo nunua ileile. Ukiweka kubwa ukidhani feni itapata nguvu zaidi, mota itapata joto isilolihitaji. Ya pili ni volti, 400 au 450, na hiyo isipungue ya mwanzo, ikizidi haina neno. Nenda dukani na kapasita ya zamani mkononi.

Kabla hujafunga, zungusha panga za feni kwa mkono. Zikienda kwa ulaini na kusimama zenyewe taratibu, beringi ni nzima. Zikikwama au zikakwaruza, hata kapasita mpya haitakufaa kitu mpaka ubadilishe beringi. Na ukibadilisha vyote viwili feni ikaendelea kunguruma, hapo jirani yako amesema kweli, peleka mota kwa anayewaindi, yaani anayesuka upya nyaya za ndani.

Koki ya jikoni inadondosha usiku kucha. Nimeikaza mpaka nimechoka. (Msomaji, Mwanza)

Acha kuikaza. Ndani kuna kipande cha mpira, na kadiri unavyokaza ndivyo unavyokikata na kuharibu kile kikalio cha shaba kinachokaa chini yake. Funga valvu kuu, fungua koki maji yaliyobaki yatoke, fungua kichwa kwa spana na ubadilishe mpira. Kama ni koki ya nusu inchi, mpira wake uko duka lolote la vifaa vya mabomba. Kama koki yako inafunguka kwa robo mzunguko tu, hiyo haina mpira wa aina hii, ina kitovu chenye visahani vigumu, na hicho hubadilishwa kizima.

Mwanangu, nina nyumba ya urithi Mji Mkongwe, kuta za mawe. Miaka mitatu iliyopita tulipiga lipu ya saruji ukuta wa chini. Sasa inabanduka mapande mapande na chumvi nyeupe inatoka. Tupige tena saruji nzito zaidi? (Mzee, Unguja)

Shikamoo mzee wangu. Naomba usipige saruji tena, nyembamba wala nzito.

Kuta za nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe hayo yana vitundu, yanavuta maji kutoka chini na kutoka hewani, na wazee waliojenga walijua hivyo. Waliyaacha maji yaingie na yatoke, kwa sababu chokaa inapumua. Saruji haipumui vya kutosha. Maji yanayopanda ukutani yanafika nyuma ya lipu yako na kukosa njia, chumvi iliyomo inaganda hapohapo, inavimba na kuisukuma lipu mpaka inaachia. Ukipiga nzito zaidi, itakaa muda kidogo kisha itaondoka na uso wa jiwe lenyewe. Na unyevu ukikosa pa kutokea utapanda juu zaidi, mpaka ufikie vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani. Boriti ikioza kichwa, hapo hatuzungumzii lipu tena, tunazungumzia dari kushuka.

Kwa hiyo kazi ni hii. Bandueni saruji yote iliyolegea kwa patasi na nyundo ndogo, taratibu, msivunje mawe. Sugueni chumvi ikiwa kavu kwa brashi, msiioshe kwa maji, maana maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani. Uacheni ukuta wazi upumue, wiki kadhaa kama mnaweza. Halafu tafuteni chokaa iliyozimwa vizuri na mchanga safi usio wa pwani, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka lisilozidi sentimita moja, lisubirini likaze ndipo mpige la pili. Chokaa hukaza kwa kukutana na hewa, haina haraka ya saruji. Jua kali likiipiga itapasuka, kwa hiyo tundikeni magunia yenye maji mbele ya ukuta siku za mwanzo. Rangi ya juu nayo iwe ya chokaa, kwani ukipaka ya plastiki umeziba tena ulichokifungua.

Vaeni miwani na glavu. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Suuzeni kwa maji mengi kwa muda mrefu na mwende hospitali.

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo pitieni kwanza kwenye mamlaka ya hifadhi kabla ya kugusa ukuta. Mkiwa hapo, ulizeni mafundi wa chokaa. Bado wapo, na kuwaona vijana wa nyumbani wakichanganya chokaa na mzee aliyeizoea ni jambo linalonifurahisha kuliko ukuta wowote mpya. Hiyo elimu haimo kwenye mfuko wa saruji.

Cherehani yangu ya mkono inaruka mishono. Nimeipaka mafuta, bado. (Dada anayeshona nyumbani, Dodoma)

Dada, anza na sindano. Itoe, iweke juu ya kioo uone kama imepinda. Hata kama imenyooka, kama umeitumia muda mrefu, itupe. Irudishe ikiwa imesukumwa juu mpaka mwisho, na angalia upande: sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, na uzi unatakiwa kuingia kwenye tundu ukitokea upande huo wa mfereji. Ikigeuzwa, mishono huruka hata cherehani ikiwa mpya. Kwa kitenge namba 14 inatosha, kwa jinzi nenda 16. Vitambaa vya kuvutika vina sindano yake yenye ncha ya mviringo. Baada ya hapo fungua sahani iliyo chini ya sindano, utoe manyoya ya nguo yaliyojazana humo.

Nikikwama huwa nawauliza wenzangu wanaopenda ufundi. Shida ni kwamba kila mmoja ananiambia lake. Mmoja anasema badilisha hiki, mwingine anasema kile. Nimfuate nani? (Msomaji, Arusha)

Swali hili ndilo lililonifanya niketi chini niandike safu ya mwezi huu, kwa sababu nimeona vifaa vingi vikifa kwa wingi wa ushauri.

Mara nyingi majibu yanagongana kwa sababu swali halikuwa na kitu ndani yake. "Redio yangu haifanyi kazi, nifanyeje?" Watu watano watakujibu mambo matano, na kila mmoja anajibu kuhusu redio aliyowahi kuitengeneza yeye. Linganisha na hili: "Redio yangu ya umeme ilikuwa nzima mpaka umeme ulipokatika jana na kurudi kwa nguvu. Sasa taa inawaka, sauti haitoki, hata mvumo. Nimejaribu spika nyingine, ni vilevile. Haina harufu ya kuungua. Hii hapa picha ya ndani." Hapo hao watano wataanza kukaribiana, kwa sababu umeshawafungia milango ya kubahatisha.

Kwa hiyo kila unapouliza, sema kilichotokea kabla ya kuharibika, unachokiona, unachokisikia na unachokinusa, ulichokwisha kukipima, na ulichokwisha kukibadilisha. Hilo la mwisho watu hulificha kwa aibu. Ukiwa umekwisha kuchokonoa, sema. Mwenzako atapoteza jioni nzima akitafuta ugonjwa uliouleta mwenyewe kwa bisibisi.

Nani wa kumfuata? Mimi humwamini zaidi anayeniuliza maswali mawili kabla ya kunijibu. Anayekujibu papo hapo kwamba "hiyo ni aisii (kile kipande cheusi chenye miguu mingi kwenye saketi), badilisha" pengine amepatia, lakini hajakuonyesha kwa nini. Mwombe akuambie utapima nini kuthibitisha. Akiwa na kipimo, kifanye. Asipokuwa nacho, msubirishe.

Halafu anza na jambo la bei rahisi na linaloweza kurudishwa kama lilivyokuwa: fyuzi ya plagi, waya uliokatika shingoni mwa plagi, kiungo kilicholegea. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na chombo kikapona, hujui kilichokiponya, na mwenzako akikuuliza mwakani hutakuwa na la kumwambia.

Na rudi utoe taarifa. Aliyekusaidia akasikia kimya hajui kama alipatia. Sema kilikuwa nini hasa, hata kama ni waya tu. Kwangu hilo ndilo shukrani ya kweli, na ndilo linalowafanya wote walioshiriki wajue zaidi kuliko jana.

Nina maikrowevu isiyopasha na TV ya kichogo isiyowaka. Nina mita na video za kutosha. Naanzia wapi? (Kijana, Nakuru)

Anzia kwa kuziacha, mdogo wangu. Kapasita ya maikrowevu inabeba umeme wa volti zaidi ya 2,000, na inaweza kubaki nao baada ya kuchomoa plagi. Kioo cha TV ya kichogo kinashika maelfu mengi zaidi ya hayo. Mita yako ya kawaida haikutengenezwa kwa vipimo hivyo. Peleka kwa fundi wa kazi hiyo, na ukitaka kujifunza mwombe ukae pembeni utazame. Mikono yako nitaiamini kwenye pasi na taa za mezani.

Tuko kama wanane hapa mtaani, tunapenda kutengeneza vitu. Tunataka tuwe tunakutana Jumamosi, watu walete vilivyoharibika. Tunaogopa jambo moja: hatutawanyang'anya mafundi riziki? (Msomaji, Mombasa)

Anzeni. Mwaka 2009 huko Amsterdam, mwanamama Martine Postma aliandaa kikao cha namna hiyo na kukiita Repair Café, na leo vikao vya mfano huo vipo nchi nyingi. Lakini kwetu watu kukaa barazani wakifungua redio ya jirani si jambo geni, kwa hiyo hamhitaji ruhusa ya mtu wala jina kubwa.

Sharti moja nawaomba mlishike: mwenye chombo akae mezani na ashike bisibisi yeye. Asikiache aende sokoni akarudi kukichukua. Sharti hilo peke yake linajibu hofu yenu. Fundi anaishi kwa watu wanaotaka kitu kitengenezwe, na ninyi mnawapokea wanaotaka kujua. Vitu vingi vitakavyofika kwenu ni vile ambavyo mwenyewe alikwisha kuvitupa uvunguni, kwa kuwa gharama ya fundi inazidi thamani ya kitu. Na mkiwa waungwana, mtakapofika mnaposhindwa mtamwambia mtu, "Hii ipeleke kwa fulani." Mafundi watapata kazi ambayo isingewafikia. Nairobi, mafundi wa bati wa Kamukunji wanafanya kazi bega kwa bega na kuazimana vifaa kila siku, na kila mmoja ana wateja wake. Mwalikeni fundi wa mtaa awafundishe mara moja kwa mwezi, na mlipeni. Elimu yake ni mali.

Vifaa viandikwe kwenye daftari: nani kachukua drili, lini, karudisha lini. Vikundi vingi huvunjika kwa drili kuliko kwa ugomvi.

Betri yangu ya sola ya volti 12 inaisha saa mbili usiku. Jamaa kaniambia niongeze tindikali. (Mwalimu, Kigoma)

Mwalimu, usiongeze tindikali. Kinachopungua ndani ya betri ya risasi ni maji, tindikali inabaki. Kama ni ya kufunguliwa na sahani zimeanza kuonekana, weka maji yaliyotoneshwa (distilled water) mpaka zifunikwe tu, ichaji ijae, ndipo uyajazie hadi kwenye alama. Usijaze mpaka juu kabla ya kuchaji, itafurika. Fungua madirisha, na moto usisogee, kwa sababu betri ikichaji hutoa gesi inayolipuka. Kama ni ya kufungwa kabisa, usiifungue.

Kisha nipatie vipimo viwili. Cha kwanza, volti za betri baada ya kuchaji siku nzima kisha kupumzika saa chache bila mzigo. Ikiwa na afya itasoma karibu 12.7. Cha pili, volti ileile dakika kumi baada ya kuwasha taa zako zote. Ikianza vizuri na kushuka ghafla chini ya 12, betri imechoka na maji hayataiponya. Ikiwa hata baada ya kuchaji siku nzima na kupumzika haifiki 12.7, pengine tatizo liko kwenye paneli, kwenye vumbi lililoikalia au kwenye waya mwembamba uliotumika kuushusha umeme. Niandikie namba hizo pamoja na urefu wa waya kutoka kwenye paneli mpaka kwenye betri, na ukubwa wa paneli kwa wati, tuendelee kutoka hapo.