Changarawe bila magari, karibu na maziwa ya volkano

Kwa aliyeuliza pa kuendesha baiskeli kwenye changarawe bila kusumbuliwa na magari: nenda milima ya Eifel, Ujerumani, uanzie mji wa Daun. Maziwa matatu yako pale pale, yote mashimo yaliyochimbwa na mlipuko pale magma (mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi) ilipokutana na maji ya ardhini. Ziwa la Weinfeld ndilo tulivu kuliko yote, lina kanisa dogo kando.

Njia ya baiskeli ya Maare-Mosel, kilomita 58 hivi kutoka Daun hadi mji wa Bernkastel-Kues, imefuata reli ya zamani, kwa hiyo mteremko ni wa pole. Ila sehemu kubwa ni lami! Changarawe yenyewe utaipata ukichepuka kwenye njia za msituni. Matairi yawe ya upana wa milimita 40, usijaze upepo sana.