Daktari wa Mifugo Anajibu: Ala ya farasi imevimba, nimeosha mpaka nimechoka

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninatunza farasi wawili kwenye shamba la chai huku Mufindi. Mmoja, Chui, ana miaka 14 na alihasiwa zamani. Tangu Juni, baridi na ukungu vilipozidi, tunamfungia bandani. Sasa kila asubuhi ala yake, ile ngozi inayofunika uume, inakuwa imevimba kama ngumi mbili. Nikimtembeza jioni inapungua. Haoneshi maumivu na anakula vizuri. Bosi anasema ni uchafu, nisugue zaidi. Ninaosha kila siku kwa sabuni ya unga na dawa ya kuulia vijidudu, lakini wapi! Ngozi imeanza kubabuka. Nifanyeje?
Mtunza farasi, Mufindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo sabuni iache leo hii. Nalisema kwa uchungu kwa sababu miaka ya nyuma mimi mwenyewe nilimwagiza mtu aoshe farasi wake kwa iodini kila wiki, na nilipokwenda kumwona nilikuta ngozi ya ndani nyekundu kama nyama mbichi. Mle ndani kuna bakteria wa kawaida wanaoilinda ngozi. Ukiwaua, wabaya ndio wanaoingia.

Umeshajijibu nusu: akitembea, uvimbe unapungua. Farasi akitembea, misuli husukuma maji ya mwili yarudi juu. Akisimama bandani usiku na mchana, yanatuama chini, kwenye miguu ya nyuma, tumbo na ala. Hakikisha hivi: bonyeza uvimbe kwa kidole gumba, hesabu hadi kumi, achia. Kikibaki kishimo kama kwenye donge la chapati, na Chui anaendelea kutafuna majani yake, hayo ni maji. Mtoe nje mchana kutwa, hata kwenye ukungu, mradi awe na mahali pa kujikinga na upepo na mvua. Manyoya yake yanatosha kwa baridi ya Mufindi.

Bosi naye hajakosea kabisa. Nta nyeusi kama grisi ndani ya ala ni ya kawaida, ila farasi waliohasiwa wengi hawatoi uume wote wakikojoa, hivyo inarundikana. Kwenye ncha, pembeni ya tundu la mkojo, kuna kijishimo ambamo nta hukauka ikawa donge. Nimewahi kutoa moja la rangi ya majivu, gumu, kubwa kuliko punje ya haragwe. Farasi yule alikuwa anakojoa kwa kukatakata, na siku ileile mkojo ukatiririka.

Kwa hiyo ngozi ikishapona, mkague. Kata kucha, vaa glavu laini. Jioni ya kuamkia siku hiyo paka mafuta ya alizeti kulainisha magamba. Simama ubavuni karibu na bega, ukielekea nyuma, mwili wako umemgusa. Usipige magoti kamwe. Tumia maji ya uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, bila sabuni, wala usimwelekezee mpira wa maji. Toa nta iliyolegea, pekua kile kijishimo taratibu, basi. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha, na wengine hawahitaji hata hiyo. Akigoma, usishindane naye. Daktari atampa dawa ya kumtuliza.

Mwite daktari upesi uvimbe ukiwa wa moto au unauma, ukiona usaha, damu au kidonda kisichopona (hasa kwenye ngozi ya waridi, maana saratani hupenda hapo), au akijikamua kukojoa. Uume ukitoka ukashindwa kurudi, usingoje kesho.

Jambo moja hukuniambia: je, Chui alishuka Pawaga au upande wa Ruaha miezi hii? Huko kuna mbung'o, na nagana, ugonjwa wa damu wanaoueneza, huvimbisha tumbo na ala vilevile, bila maumivu. Kesho asubuhi kabla hujamtoa, mpime joto. La kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Kisha funua mdomo utazame ufizi. Ukiwa umepauka, au joto limepanda, daktari wa wilaya aje achukue damu. Na usimdunge dawa ya nagana ya ng'ombe kwa kukisia, kwani zipo ambazo farasi hawazivumilii.