Wadogo zangu, kila kabureta na beseni lake

Juzi nimeingia gereji, hapa hapa Mtwara, nikakuta kabureta mbili za Datsun 240Z zimefunguliwa, vyuma vyote vimelowekwa petroli kwenye beseni moja. Nilifoka, na bado nina hasira kidogo. Gari hiyo ndiyo iliyoshinda mbio za East African Safari mwaka 1971, ikarudia 1973. Ikifika mikononi mwenu iheshimuni.

Kwanza: mabeseni mawili, la mbele na la nyuma. Pistoni ya kabureta (si ile ya injini) na kofia inayoifunika huenda pamoja tangu kiwandani. Havigusani, ila vinakaribiana mno, na upenyo huo mdogo ndio unaoamua pistoni ipande kiasi gani. Kuna kijana mmoja, mwenye mkono mzuri kabisa, alizichanganya. Pistoni ikawa inakwama. Badala ya kubadilishana kofia, akachukua msasa akasugua kwa ndani mpaka pistoni ikateleza. Gari ikawaka, sailensa, yaani mlio wa injini bila kukanyaga mafuta, ikatulia, mwenyewe akaondoka nayo kwenda Mikindani. Ilirudi inatoa moshi mweusi. Tukafungua plagi: tatu za nyuma kahawia safi, tatu za mbele, zinazolishwa na kabureta ya mbele, nyeusi tii, masizi matupu. Upepo ulikuwa unapenya pembeni mwa pistoni, haipandi inavyotakiwa, petroli inavutwa kupita kiasi. Kofia ile haikufaa tena, na spea yake hata Kariakoo huipati kirahisi. Gari ikakaa chini ya turubai miezi, na yule kijana kila akipita pale anainamisha kichwa. Iliniuma, maana alikuwa hajaambiwa na mtu.

Kwa hiyo msasa ni marufuku humo ndani. Ukungu mweupe wa hewa yetu ya chumvi mtautoa kwa petroli na mswaki laini, taratibu.

Pili: jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli, hupulizwa kwa kompresa, haichokonolewi kwa waya.

Tatu: oili ya juu ya pistoni ni nyepesi, namba 20.

Nne, na hapa msiharakishe. Inua pistoni kwa kidole, iachie. Ikidondoka na kugonga “ta!”, sindano iliyo chini ya pistoni imekaa katikati ya jeti. Ikishuka kimya, sindano inagusa jeti. Legeza jeti, isogeze, rudia, hata kama mteja amesimama mlangoni anaangalia saa. Mkiwa na shaka nipigieni, wekeni simu karibu niusikie huo mlio. Nati za chini, za kurekebisha petroli, zikazeni juu kabisa kisha anzieni mizunguko miwili na nusu kushuka. Kisha chukueni kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kila kabureta, mrekebishe mpaka mvumo wa upepo ulingane.